Kukalibreti kipimamvua na kifaa cha kupima matone kabla masika haijaingia

Wale mnaosoma mvua kila siku saa tatu asubuhi, iwe shuleni, kwenye shamba la chai au kituo cha kata, hii ni yenu. Mvua za vuli zimekatika na masika ikishafika Machi hamna tena nafasi ya kufungua kifaa, kwahiyo kazi hii ya kukalibreti (kuhakiki kama kifaa kinasoma kweli na kukirekebisha) ni ya Januari na Februari. Nyie wa Dodoma, Singida na Mbeya ambao mvua yenu ni ya msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili hivi, ifanyeni Septemba au Oktoba.

Nianze na kitu nilichokikuta shule moja ya sekondari, sitaitaja. Kipimamvua chao ni kile cha mdomo wa milimita 203, kioo cha kupimia kilivunjika, mtu mwenye nia njema kabisa akaleta kioo kingine kutoka stoo, kumbe kile kilikuwa cha kipimamvua cha milimita 127 (zile za shaba za inchi 5 tulizorithi kwa Waingereza). Vioo vinafanana, vyote vimeandikwa mm, nani atashtuka. Sasa piga hesabu, 203.2 gawanya kwa 127 unapata 1.6, zidisha kwa yenyewe unapata 2.56. Yaani mvua ya mm 10 inaandikwa 25.6! Misimu miwili daftari linajazwa kwa mwandiko mzuri, hakuna siku hata moja iliyorukwa, na karibu kila namba ya mle ndani ni mara mbili na nusu ya ukweli. Kilichoniuma ni kwamba yule mwalimu alikuwa anaamka kila siku, Jumapili na sikukuu, kwenda kusoma. Data yake tuliiokoa kwa kugawanya yote kwa 2.56 kwasababu tulijua tarehe kioo kilipobadilishwa, ila kama tarehe isingejulikana basi ingekuwa imekwenda.

Kwahiyo msimamo wangu kwenye kazi hii ni mmoja, usiamini mistari iliyochorwa wala namba iliyoandikwa kwenye boksi, amini maji uliyoyapima mwenyewe kwenye mizani.

Vitu vya kuandaa

Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, hizi ndogo za betri zinapatikana na sio ghali. Sirinji za ml 5 na ml 10 na sindano za saizi tofauti tofauti. Mpira wa dripu mpya kutoka duka la dawa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu. Venia kalipa (rula ya taya ya kupimia vipenyo), pimamaji ya fundi, bisibisi na spana ndogo, simu yenye stopwochi, kalamu ya wino usiofutika. Maji yawe safi, ukipata maji ya betri (yale yaliyochujwa, sio asidi jamani) ni bora zaidi. Sabuni tumia kuoshea ila suuza mpaka uhakikishe imeisha yote, maana sabuni inalegeza ngozi ya maji, matone yanakuwa madogo na kindoo kinamwaga tofauti na siku zote, afu unalaumu skrubu.

Hatua ya 1: pima mdomo

Watu wanairuka hii. Chukua venia, pima kipenyo cha ndani cha mdomo wa faneli sehemu nne au tano kwa kuzunguka, maana mdomo ukishaangukiwa na tawi au mtu akikalia unakuwa yai. Chukua wastani. Mdomo wa mm 127 ukikosea milimita moja tu umeshakosea asilimia 1.6 ya eneo, kabla hata mvua haijanyesha.

Afu tafuta eneo: nusu ya kipenyo, zidisha kwa yenyewe, mara 3.1416. Kipenyo cha sm 20.32 kinakupa sm za mraba 324.3. Mm 1 ya mvua ni sawa na lita 1 kwenye mita ya mraba, kwahiyo kwa mdomo huu mm 1 ni ml 32.43, na kwa ule wa mm 127 ni ml 12.67. Andika namba yako ukutani kabisa. Kama kioo chako kimevunjika hata usihangaike kutafuta kingine haraka, mimina maji kwenye silinda ya kawaida ya maabara, soma ml, gawanya kwa namba yako (12.67 kwa mdomo wa mm 127), umemaliza. Kwa wenye kipimamvua cha mkono kalibresheni yenu imeishia hapa, mwage tu maji ya mm 10, yaani ml 126.7 kwa mdomo wa mm 127, kwenye kioo kwa kupima na mizani (gramu moja ya maji ni ml moja, tofauti yake kwa joto letu haifiki nusu asilimia) kione kama kinasoma 10.

Wenye vile vya kindoo kinachopinduka (vindoo viwili kama bembea, kimoja kikijaa kinapinduka na kumwaga, kingine kinaanza kujaa, na kila mpinduko unahesabiwa) twende pamoja.

Hatua ya 2: kata mawasiliano na loga

Chomoa waya wa loga (kifaa kinachorekodi mipinduko) au andika saa uliyoanza na uliyomaliza. Naomba hii isisahaulike. Ukimwaga lita tatu za majaribio waya ukiwa umechomekwa, kituo kinarekodi mvua ya mm 90 siku ya jua kali, na mtu wa makao makuu anayeangalia kwenye skrini hajui kama ulikuwa wewe na chupa yako.

Afu safisha. Toa faneli, toa kichujio, kagua tundu. Humo ndani nimeshakuta utando wa buibui, nyumba za nyigu za udongo, majani ya mkrismasi, vinyesi vya ndege vilivyokauka kama saruji. Tundu likiziba nusu, mvua ya saa moja inashuka kwa saa nne na jumla inaweza kutoka sahihi kabisa, kumbe nguvu ya mvua uliyoandika ni ya uongo. Osha vindoo kwa brashi laini, usiguse ndani kwa vidole, mafuta ya ngozi yanafanya maji yang'ang'anie kona. Weka pimamaji juu ya kitako, sawazisha pande zote mbili.

Hatua ya 3: kindoo kimoja kimoja

Kindoo cha mm 0.2 kwenye mdomo wa mm 203 kinatakiwa kupinduka kwa ml 6.49. Cha mm 0.254 ni ml 8.24. Fanya hesabu ya cha kwako, usikopi ya kwangu.

Kwanza lowesha vindoo vyote kwa kuvipindua mara kadhaa na maji, sababu kindoo kikavu kina deni, maji kidogo yatabaki yameganda kwenye kuta hata baada ya kumwaga, na hayo yanakuwepo siku zote za mvua. Jaza sirinji, ipime kwenye mizani, andika. Anza kuingiza maji kwenye kindoo cha kushoto, ml 5 za kwanza unaweza kwenda haraka, kutoka hapo tone, subiri, tone, subiri. Shusha jicho lako liwe sawa na kindoo. Utaona maji yamejaa mpaka yamevimba kidogo pembeni, kindoo kinaanza kutetemeka, kinaonekana kama kimeshaamua afu kinarudi, tone moja tena, tak! kimelala upande wa pili. Hapo hapo simama. Pima sirinji tena, toa, hiyo tofauti ndo maji yaliyokipindua. Ukitazama kwa makini kuna tone limebaki limening'inia kwenye ncha ya kindoo kilichomwaga, kama ni kubwa na linabaki kila mara basi plastiki imechafuka, rudi kwenye kuosha.

Fanya mara 10 kushoto, mara 10 kulia. Tuseme kushoto wastani umepata gramu 6.50, kulia 6.20. Kulia kinapinduka mapema, kwahiyo kinahesabu mvua ambayo haijafika. Unarekebisha wapi? Hapa ndo wengi wanapotea. Skrubu iliyo chini ya kindoo cha kushoto ndo inayoamua kindoo cha KULIA kikae kimeinuka kiasi gani kikiwa kinajaa, kwasababu wakati huo kushoto ndo kimelala juu ya skrubu yake. Kwahiyo kulia kikiwahi unagusa skrubu ya kushoto. Ukiishusha, kulia kinainuka zaidi na kitahitaji maji mengi zaidi ndo kipinduke, ukiipandisha kitahitaji machache. Zungusha robo tu, kaza nati, rudia vipimo vyote. Usizungushe kabla ya kuwa na vipimo 10, nimeona mtu anakaza na kulegeza mchana mzima akifukuza tofauti iliyokuwa ya mkono wake kutetemeka.

Hatua ya 4: mvua ya kutengeneza

Kindoo kikishakuwa sawa kwa tone tone bado hujamaliza. Kindoo kikipinduka kinatumia sehemu ya sekunde, na maji hayasimami kukisubiri, yanaendelea kuingia kwenye kindoo ambacho kimeshajaa na yanamwagwa bila kuhesabiwa. Mvua ya rasharasha haina shida. Ila mvua ya mm 100 kwa saa, ambayo kwetu sio ajabu hata kidogo kama ikidumu dakika kumi, inapindua kindoo cha mm 0.2 kila sekunde 7.2, na hiyo sehemu ya sekunde inayopotea inaanza kuonekana kwenye jumla. Yaani kifaa kinapunguza mvua siku ile ile ya mafuriko ambayo kila mtu ataitafuta namba yake.

Tengeneza chupa yenye mwendo wa maji usiobadilika. Toboa chupa ubavuni karibu na kitako, chomeka mpira wa dripu, ziba kwa silikoni. Kwenye kizibo toboa, pitisha mrija mwembamba mgumu ushuke mpaka sentimita mbili tatu juu ya lile tundu la chini, ziba kizibo kisipitishe hewa kabisa isipokuwa kupitia mrija. Hewa ikitaka kuingia inalazimika kutokea chini ya mrija, unaona mapovu yanapanda, na hapo maji yanatoka kwa mwendo ule ule chupa ikiwa imejaa au imebaki robo, mradi maji hayajashuka chini ya ncha ya mrija. Bila huo mrija, chupa inavyopungua na maji yanapungua kasi na vipimo vyako vinakuwa mchanganyiko wa mvua kubwa na ndogo.

Kasi unaiweka kwa kile kigurudumu cha mpira wa dripu, na kuinua au kushusha chupa. Kwa mdomo wa sm za mraba 324.3, mm 25 kwa saa ni ml 13.5 kwa dakika, mm 50 ni ml 27, mm 100 ni ml 54. Kinga dakika moja kwenye silinda, pima, rekebisha. Kama mpira wa dripu haufikishi 54 hata chupa ikiwa juu ya kabati, kata kile kichupa cha kudondoshea utumie mpira mnene zaidi.

Sasa pitisha lita 1 kamili (pima chupa kabla na baada, gramu 1000) kwa kila kasi, ukimimina kwenye faneli na sio moja kwa moja kwenye kindoo. Lita 1 hapa ni mm 30.84, mipinduko inayotakiwa ni 154. Ile ya mm 25 inachukua saa na robo, kaa nayo. Hesabu mwenyewe kwa sikio na pia acha loga ya pembeni ihesabu, maana swichi ya sumaku inayotuma hesabu kwenye loga ikichoka inahesabu mpinduko mmoja mara mbili au inaruka, na hilo skrubu haliwezi kulitibu.

Mfano umepata 152 kwenye mm 25, 150 kwenye mm 50, 146 kwenye mm 100. Gawanya 154.2 kwa kila moja: 1.01, 1.03, 1.06. Hizo ndo kizidisho chako. Kwenye Excel unaangalia muda kati ya mpinduko na mpinduko, unapata kasi ya mvua, unazidisha kwa namba inayohusika. Kuna wanaopenda kukaza skrubu ili mm 50 itoke sawa sawa, mvua ndogo izidi kidogo na kubwa ipungue kidogo, sio kosa kama loga yako haina pa kuweka kizidisho. Mimi nikiweza kuchagua naacha skrubu ilipo na narekebisha kwenye hesabu, sababu hesabu inaweza kurudishwa nyuma, skrubu ikishazungushwa imezungushwa.

Hatua ya 5: ukubwa wa tone

Wengine mna disdromita za leza (vifaa vinavyopima ukubwa na kasi ya kila tone linapokatiza mwanga), wengine mnataka kujua matone kwasababu ya mmomonyoko wa udongo. Ukubwa wa tone ni jambo la kuheshimu sana. Tone la mm 4 lina maji mara 8 ya tone la mm 2. Ukikosea kipenyo kwa asilimia 10 umekosea maji kwa asilimia 33, na kwa rada ya hali ya hewa, ambayo inaona kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe mara sita, kosa hilo linakuwa asilimia 77.

Njia ya bei nafuu ni unga wa ngano, na ina heshima yake. Mkulima wa Vermont kule Marekani, Wilson Bentley, yule aliyepiga picha za chembe za theluji, alichapisha vipimo vyake vya matone kwa unga mwaka 1904, na mwaka 1943 Laws na Parsons wakaitumia njia hiyo kwenye kazi ambayo mpaka leo watu wa udongo wanaitegemea. Sinia lenye unga uliochekechwa, kina cha sm 2 mpaka 3, usiwe unga wenye hamira ndani, lisawazishwe kwa rula bila kushindiliwa, lifunikwe. Mvua ikinyesha unafunua sekunde 2 au 3, unafunika. Kila tone linafanya kidonge. Kikauke mpaka kesho yake, afu kwenye oveni ya moto mdogo, chekecha, panga vidonge kwa saizi, pima.

Kidonge sio tone, kidonge ni maji yaliyotoka na unga uliobaki. Kwahiyo lazima ukalibreti na matone unayoyajua. Chukua sindano ya saizi moja, dondosha matone 100 kwenye kikombe kilicho juu ya mizani, polepole, tone moja kila sekunde mbili. Mfano yamepima gramu 1.20, basi tone moja ni miligramu 12, zidisha kwa 6, gawanya kwa 3.1416, tafuta kipeuo cha tatu, unapata mm 2.84. Mpira wa dripu wenyewe ni mwalimu mzuri, pakiti imeandikwa matone 20 kwa ml, hilo ni tone la mm 4.6, na ule wa watoto matone 60 kwa ml ni mm 3.2, ila pima, usiamini pakiti. Sindano nyembamba zinatoa tone dogo zaidi, na ukikata ncha ile ya mshazari ukaisugua iwe bapa matone yanatoka sawa sawa. Halafu dondosha matone 50 ya kila saizi kwenye unga, kausha, pima vidonge, gawanya uzito wa kidonge kwa uzito wa tone. Uwiano haufanani kwa saizi zote kwahiyo chora mstari wake, saizi nne zinatosha. Na unga ukibadilisha, hata wa kiwanda kile kile ila mfuko mwingine uliokaa sehemu yenye unyevu, rudia.

Urefu wa kudondoshea nao una maana. Tone la mm 3 la mvua halisi linafika chini na mita 8 kwa sekunde. Ukilidondosha kutoka mita 2, hata hewa isipolizuia kabisa haliwezi kuzidi mita 6.3. Mimi natumia ngazi za ghorofa, kutoka ya tatu au ya nne, siku isiyo na upepo, mtu mmoja juu na mwingine chini na sinia.

Jinsi ya kujihakiki: sinia la sm 25 kwa 25, sekunde 3, mvua ya mm 60 kwa saa, maji yanayotakiwa kuingia ni gramu 3.1 hivi. Jumlisha matone yako yote. Kama unga unasema gramu 3 na kipimamvua cha pembeni kinasema mm 60 kwa saa, vifaa viwili visivyojuana vimekubaliana, hiyo ni furaha kubwa.

Wenye leza

Futa vioo kwa kitambaa laini kwanza, vumbi la barabara linatosha kupunguza mwanga. Afu nenda kwa fundi baiskeli ununue gololi: za habu ya mbele kwa kawaida ni mm 4.76, za nyuma mm 6.35, za pedali mm 3.97. Pima na venia. Ziachie moja moja zipite kwenye mwanga, 20 za kila saizi, sehemu ya kushoto, katikati na kulia, sababu leza iliyochoka inaweza kuona vizuri katikati na kupunguza pembeni. Ukiiachia kutoka sm 20 juu ya mwanga inapita na mita 2 kwa sekunde, kutoka sm 50 mita 3.1, kutoka mita moja 4.4, kwahiyo unakagua kasi na ukubwa kwa mkupuo. Angalia jedwali ghafi, kwa disdromita ya OTT Parsivel ni madaraja 32 ya ukubwa na 32 ya kasi. Usishtuke gololi kubwa ikisomwa ndogo kidogo, programu inajua kwamba tone kubwa la mvua likianguka linabonyea kama andazi, halina umbo la chozi kama tunavyolichora, kwahiyo inapunguza upana huo kabla ya kukupa kipenyo. Cha kuangalia ni kama kosa ni lile lile mwaka huu na mwaka jana, na kama kushoto na kulia zinalingana.

Ukimaliza yote rudisha kifaa, pimamaji tena, chomeka loga, mwaga lita moja taratibu kwa mara ya mwisho na loga ikiwa imewaka ili uhakikishe waya unafanya kazi, na hiyo saa iandike ili ifutwe kwenye data. Kipande cha plasta kibandikwe ndani ya kifuniko: tarehe, kipenyo cha mdomo, wastani wa kushoto, wastani wa kulia, vizidisho vitatu, skrubu gani imeguswa na kwa kiasi gani. Piga picha ya hicho kipande.